Zege Kabla ya Saruji

Katika pwani ya Afrika Mashariki zege limeitangulia saruji kwa karne kadhaa. Kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ni zege, na sakafu za nyumba kongwe za Lamu ni zege vilevile: mawe madogo yaliyoshikanishwa na kitu kinachoganda. Saruji ya leo, ule unga wa kijivu unaouzwa kwa mifuko ya kilo 50, haimo katika majengo hayo. Isingeweza kuwamo, maana jina na hataza yake ya kwanza ni vya mwaka 1824, mjini Leeds, Uingereza. Kilichoyashika mawe ya Kilwa ni chokaa.

Historia hiyo inasaidia kutenganisha vitu viwili ambavyo mazungumzo ya kila siku huvichanganya. Watu husema ngazi ya saruji, daraja la saruji, nguzo ya saruji, ingawa saruji peke yake haijengi nguzo. Kazi yake ni kushikiza. Ikichanganywa na mchanga na maji hutoa mota ya kujengea tofali na lipu ya kupaka ukutani. Ikiongezewa kokoto ndipo linapopatikana zege. Katika zege la kawaida saruji ni kama sehemu moja ya nane ya uzito wote, na kinachobaki ni mchanga, kokoto na maji. Vijana wa Dar es Salaam walioibatiza sahani ya chipsi mayai jina la zege walilielewa jambo hili barabara: yai ndilo saruji, na viazi ndivyo kokoto. Kwa hiyo kinachobadilika kutoka zama hadi zama ni lile yai. Kwa miaka mingi pwani ilitumia chokaa, kisha ikahamia saruji, na mabadiliko hayo yaligusa upana wa vyumba, unene wa kuta na hata kalenda ya fundi.

Malighafi ya chokaa ya pwani ni matumbawe, nayo huja kwa namna mbili. Yapo matumbawe laini yanayokatwa chini ya maji; yakiwa bado mabichi huchongeka kwa urahisi, na yakikauka huwa magumu. Hayo yalitengwa kwa kazi za nakshi, kama mihrabu na miimo ya milango. Upo pia mwamba wa matumbawe ya kale, uliobaki nchi kavu baada ya bahari kushuka, ambao ni mkavu, wa kukwaruza na wenye matundu. Huo ndio uliojaza kuta, na kijiji cha Maweni katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, kinajulikana mpaka leo kwa kuukata. Aina zote mbili zikichomwa hutoa chokaa.

Uchimbaji wa kiakiolojia wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulionyesha kuwa majengo ya mawe hayakuzuka ghafla. Msikiti wa hapo ulianza kwa miti, ukajengwa upya mara kwa mara mahali palepale, na mwisho ukawa wa mawe ya matumbawe. Kufikia mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia, fundi wa msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, aliweza kuacha maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwa ustadi ambao haukupatikana kwa siku moja.

Kuchoma chokaa kulikuwa kazi ya kuni kuliko kazi ya mawe. Magogo ya mikoko na vigogo vya minazi vilipangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati pakiachwa tundu la kutilia moto. Mawe ya matumbawe yalirundikwa juu. Tanuri la namna hiyo halina kuta wala paa. Ni lundo lililo wazi, na ustadi wote umo katika kulipanga ili liwake polepole na kuporomoka kwa ndani, mawe yakizama katika makaa badala ya kutawanyika. Joto linalohitajika ni kama nyuzi 900 za Selsiasi. Katika joto hilo jiwe hutoa hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake na kupoteza karibu asilimia 44 ya uzito, hata likitolewa majivuni huwa jepesi ajabu na jeupe. Likimwagiwa maji huchemka lenyewe, hutoa mvuke, hupasuka na kuwa unga laini. Huko ndiko kuzima chokaa. Iliyozimwa haikutumika papo hapo: iliachwa imefunikwa kwa miezi, na kadiri ilivyolala ndivyo ilivyozidi kulainika na kushika.

Inapopakwa ukutani chokaa hurudi ilikotoka. Huvuta kaboni kutoka hewani, taratibu, na kugeuka tena kuwa madini yaleyale ya jiwe lililochomwa. Kwa kuwa hutegemea hewa, huanza kukauka juu na kuingia ndani kidogo kidogo. Moyo wa ukuta mnene huweza kubaki laini kwa miaka. Mjenzi hakuweza kupandisha ukuta haraka, kwani mzigo wa juu ungelikandamiza tabaka la chini kabla halijashika. Kuta za nusu mita na zaidi, ambazo mgeni wa Mji Mkongwe wa Zanzibar huzisifu kwa ubaridi wake, zilitokana kwanza na udhaifu huo wa chokaa. Ubaridi ulikuwa faida iliyofuata.

Zege lenyewe lilionekana zaidi juu, kwenye sakafu na dari. Boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, mawe bapa yakapangwa juu yake, kisha ukamwagwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga, udongo mwekundu na kokoto za matumbawe. Baada ya hapo likaja kundi la watu, kila mmoja na kipande cha mti mkononi, kupigilia. Walipanga mistari na kuponda kwa mpigo wa nyimbo, kwa siku kadhaa mfululizo, sakafu ikinyunyiziwa maji. Kazi hiyo huweza kuonekana kama sherehe tu, lakini ilikuwa na maana ya kiufundi: mapigo yalifukuza hewa, yalizibana kokoto na kuziba nyufa zilizoanza kufunguka mchanganyiko ulipokuwa ukikauka. Mashine ya kutikisa zege inayotumbukizwa leo kwenye nguzo hufanya kazi ileile kwa dakika chache.

Kilichopanga ukubwa wa nyumba ni boriti. Mti wa mkoko ulionyooka hutoa urefu wa takriban mita 3, na chumba kisingeweza kuwa kipana kuliko mti unaokifunika. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu, Pate na Unguja ni virefu na vyembamba. Majahazi yaliyobeba boriti kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu yalipeleka kipimo hichohicho hadi Oman na bandari za Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu.

Kilwa ilijaribu kuukwepa mti. Katika karne ya 14, chini ya sultani al-Hasan ibn Sulaiman, palijengwa Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane ukingoni mwa bahari, na Msikiti Mkuu ukapanuliwa mara kadhaa ya ukubwa wake wa awali. Dari za upanuzi huo hazikutegemea boriti peke yake. Mafundi walisimamisha viunzi vya mbao vyenye umbo la tao au kuba, wakavijaza zege la chokaa na matumbawe, na lilipokuwa gumu wakaondoa mbao. Siri ya umbo hilo ni kwamba zege huvumilia sana kukandamizwa lakini hukatika upesi likivutwa. Ukilaza bamba la zege juu ya nafasi wazi, upande wake wa chini huvutika na kupasuka. Ukilipinda kuwa kuba, kila kipande hukandamiza jirani yake. Jaribio halikukosa hasara. Nguzo za mwanzo, zilizochongwa kwa matumbawe, hazikudumu, na sehemu hiyo ilipojengwa upya katika karne ya 15 zilisimamishwa nguzo nene za pembe nane za mawe na chokaa. Ndizo zinazoonekana leo. Katika msikiti mdogo wa kuba ulio karibu, mafundi walipachika bakuli za kigeni zenye kung'aa ndani ya zege la dari.

Pamoja na hayo, Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 aliueleza mji kuwa wa mbao. Huenda macho yake hayakukosea sana. Kwa gharama ya kuni, mawe na mikono iliyohitajika, zege lilikuwa mali ya misikiti, masultani na wafanyabiashara wakubwa, na watu walio wengi waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti.

Udhaifu mkubwa wa chokaa ulikuwa majini. Isipopata hewa haigandi, kwa hiyo gati au msingi uliozama haukujengeka nayo. Warumi walikuwa wamepata dawa yake zamani kwa kuichanganya chokaa na majivu ya volkano kutoka Pozzuoli, na kuba la Pantheon mjini Roma, lenye upana wa mita 43 bila chuma hata kimoja, bado limesimama tangu karne ya 2. Utaalamu huo ulififia Ulaya kwa muda mrefu. Aliyeuamsha kwa vipimo ni mhandisi John Smeaton, aliyepewa kazi ya kujenga mnara wa taa wa Eddystone, kwenye mwamba unaopigwa na mawimbi kusini magharibi mwa Uingereza. Katika majaribio yake ya mwaka 1756 aligundua kwamba chokaa inayoganda majini hutokana na mawe yasiyo safi, yaliyochanganyika na udongo wa mfinyanzi. Wajenzi walikuwa wakiyadharau mawe hayo.

Kutoka hapo njia ya saruji ikawa wazi. Joseph Aspdin, fundi wa matofali wa Leeds, alikata hataza tarehe 21 Oktoba 1824 ya unga alioutengeneza kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo, akauita Portland kwa kuufananisha na jiwe maarufu la kujengea la kisiwa cha jina hilo. Bidhaa yake ilikuwa bado dhaifu. Katika miaka ya 1840 ndipo watengenezaji walipozoea kuchoma kwa moto mkali zaidi, hadi mchanganyiko uanze kuyeyuka na kuwa donge gumu jeusi, klinka, ambalo hapo awali lilitupwa kama takataka ya tanuri. Leo klinka huchomwa kwa takriban nyuzi 1,450, husagwa pamoja na jasi kidogo ya kuchelewesha kuganda, na huo ndio unga wa mfukoni. Saruji haisubiri hewa. Hushikana na maji yenyewe, hujenga fuwele zinazofungamana, na huwa ngumu hata chini ya bahari.

Uvumbuzi wa pili ulihusu zege, si saruji. Mwaka 1867 Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, alipata hataza ya vyungu vya maua vya saruji vilivyotiwa waya wa chuma ndani. Mwaka 1892 François Hennebique akahifadhi kisheria mfumo mzima wa nguzo, mihimili na sakafu vilivyofungwa nondo. Chuma kilibeba mvutano ambao zege haliuwezi, na kwa bahati njema vitu hivyo viwili hutanuka kwa joto kwa kiasi kinachokaribiana, basi havigombani. Kuba halikuwa lazima tena. Sakafu bapa ikaweza kuvuka mita 5 au 6.

Pwani ilikuwa imeanza kupokea chuma kabla ya saruji kuenea. Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultan Barghash alilisimamisha Unguja mwaka 1883, lilizungushiwa nguzo ndefu za chuma kutoka ng'ambo, huku kuta zake zikibaki za matumbawe na chokaa. Saruji ilifuata katika mapipa ya mbao yaliyoshushwa bandarini, ikatumika kwanza kwenye gati, madaraja na ofisi za serikali za kikoloni. Watu waliipa jina la udongo Ulaya, na jina hilo lilibeba bei yake na heshima yake kwa pamoja.

Hata kiwanda cha kwanza cha Kenya, kilichoanza Nairobi mwaka 1933, kilikuwa cha kusaga tu klinka iliyoletwa kutoka India. Kuchoma klinka papa hapa kulishika kasi katika miaka ya 1950: Tororo nchini Uganda, kisha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kilichozalisha kuanzia mwaka 1954. Tanzania ilipata kiwanda chake cha kwanza Wazo Hill, nje ya Dar es Salaam, kilichoanza kutoa saruji mwaka 1966. Tanga na Mbeya zilifuata katika miaka ya mwanzo ya 1980. Bamburi na Wazo zote mbili zilichimba miamba ya matumbawe ya kale, mwamba wa ukoo uleule uliojenga Kilwa na kujaza matanuri ya chokaa. Udongo Ulaya ukawa umetoka pwani. Shimo la Bamburi lina hadithi yake: kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje kwenye sakafu tupu ya machimbo, na pakageuka msitu.

Heshima ya jina haikuisha kwa viwanda kujengwa. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamikia wazi watu wanaokataa matofali ya kuchoma na vigae vya udongo wa kwao, wakisubiri bati na saruji kana kwamba pasipo hivyo hakuna nyumba bora. Lawama hiyo ilikuwa na haki yake: nyumba ya ghorofa moja haihitaji nguvu ya zege la nondo. Lakini haikubadili mkondo. Tofali la saruji na mchanga lilikuwa rahisi kufyatuliwa kiwanjani, halikuhitaji kuni, na lilikauka kwa siku chache.

Kiwanjani ndiko tofauti ya saruji na zege hujidhihirisha. Saruji hupimwa kwa mfuko, zege hupimwa kwa mchanganyo. Kwa uwiano wa zamani wa moja kwa mbili kwa nne, mfuko wa kilo 50, ambao ni kama lita 35, hupewa lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto. Jumla ya ujazo huo ni lita 245, lakini zege linalopatikana ni kama lita 160 tu, kwa sababu mchanga huingia katika nafasi za kokoto na saruji huingia katika nafasi za mchanga. Kitu kinachoharibu hesabu hiyo mara nyingi ni maji. Saruji huhitaji maji ya karibu robo ya uzito wake ili igande. Yanayozidi hapo huwekwa ili zege lilainike na kumwagika. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu. Duff Abrams wa Chicago alilithibitisha mwaka 1918: nguvu ya zege hufuata uwiano wa maji kwa saruji. Kibarua anayeongeza ndoo moja ili zege liwe jepesi kumwaga huidhoofisha nguzo bila kupunguza saruji hata chembe, na mwenye nyumba aliyehesabu mifuko hawezi kuligundua hilo.

Namba iliyoandikwa kwenye mfuko, 32.5 au 42.5, ni nguvu ya saruji iliyopimwa maabara kwa mchanga maalumu baada ya siku 28. Haisemi lolote kuhusu nguvu ya zege litakalotoka, ambalo hupimwa kwa kuponda vipande vya mchemraba vya sentimeta 15 vilivyomwagwa siku ileile na nguzo. Mfuko nao huweza kukaa ghalani kwa muda ukiwa mkavu, juu ya chaga, mbali na ukuta. Zege likishachanganywa saa zake zinahesabika. Mafundi husema zege halilali, na msemo umetoka kwenye viwanja ukaenea katika kila jambo lisilofaa kuahirishwa. Siku ya kumwaga jamvi, kundi zima hupokezana ndoo hadi usiku, kwani sehemu iliyoachwa ikawa ngumu haitashikana vyema na ya kesho. Baada ya hapo zege humwagiliwa maji kwa siku 7 au zaidi, ili lisikauke kabla saruji haijamaliza kuganda.

Bahari imeliletea zege jipya ugonjwa ambao zege la Kilwa haliujui. Chumvi ya hewani, au ya mchanga wa ufukweni uliotumika bila kuoshwa, hupenya hadi kwenye nondo. Chuma kikishika kutu huvimba, na zege linalokifunika hupasuka na kudondoka vipande kwenye kingo za baraza na mihimili. Kuba zisizo na nondo hazina cha kuvimba.

Ugonjwa wa pili unatokana na kuchanganya zama. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, kuta nyingi za chokaa zilipakwa lipu ya saruji kwa nia ya kuziimarisha. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia uso wake. Lipu ya saruji huufungia ndani. Chumvi hujikusanya nyuma yake, chokaa hulainika na kuwa unga, na lipu hung'oka kwa mapande makubwa pamoja na uso wa mawe. Wahifadhi kwa hiyo huagiza chokaa kwa kuta za chokaa. Kuipata si rahisi tena, maana mikoko inalindwa na kukata matumbawe hai baharini kumekatazwa. Inayotumika hutokana na mwamba wa nchi kavu, huzimwa na kulazwa shimoni kwa miezi kabla ya kupakwa, na mkandarasi aliyezoea kuhesabu siku 28 hulazimika kuiingiza miezi hiyo katika ratiba yake.